Jina Limebaki, Watu Wameondoka

Imeili iliingia usiku, muda ambao mtu mwenye akili zake ameshaweka simu pembeni. Mwaliko wa kufanya rivyu, yaani kuisoma makala ya mtu kabla haijachapishwa na kumwambia mhariri kama inafaa. Chini yake vitufe viwili, cha kukubali na cha kukataa, na juu yake muhtasari wa makala ya mtu nisiyemjua, maana majina huwa yanafichwa, anayeuliza kama ahadi uliyompa mtu akiwa hai inaendelea kukubana baada ya yeye kuzikwa. Swali tamu. Niliusoma ule muhtasari mara mbili nikaiona kabisa sentensi ambayo hoja inaanza kuvujia, na vidole vikaanza kuniwasha.

Halafu nikaangalia jarida lenyewe ni mali ya nani.

Ni la moja kati ya zile kampuni kubwa za uchapishaji wa kitaaluma. Sitaitaja, mimi binafsi haijanikosea kitu. Ila tangu ile vurumai ya majarida ya falsafa ya maadili ianze, mialiko ya namna hii hainipiti tena kirahisi kama zamani. Nikaufunga ule ukurasa bila kubonyeza chochote. Mfumo ukanikumbusha baada ya siku kadhaa, kwa ile lugha yao ya upole yenye kisu ndani, na mimi bado nimekaa tu.

Wiki zikapita hivyo.

## Stori mnaijua

Mei 2024 wahariri wa Philosophy & Public Affairs (PPA), jarida la falsafa ya maadili na siasa, pamoja na bodi yao walijiuzulu kwa mpigo, wakaiachia kampuni ya uchapishaji ya Wiley jina, wakaenda kuanzisha jarida jipya, Free & Equal, chini ya Open Library of Humanities (OLH), ambako mwandishi halipi na msomaji halipi. Miezi michache kabla ya hapo, mwishoni mwa 2023, Wiley hiyohiyo ilikuwa imemwondoa Robert Goodin kwenye uhariri wa Journal of Political Philosophy, jarida alilokuwa nalo tangu linaanza mwaka 1993, naye akahamia hukohuko kufungua Political Philosophy.

Mabishano yaliyofuata mliyaona. Nani kamkosea nani, nani alisema nini kwenye kikao gani. Mimi sehemu hiyo ilinichosha mapema sana. Kampuni inataka makala nyingi zaidi zitoke, wahariri hawataki kupitisha makala ambazo hawaziamini, haya, tumeelewa, mgogoro wa siku zote huo.

Kilichobaki kinanisumbua ni kidogo zaidi ya hapo. Mimi si mhariri. Sina bodi, sina jina, nafundisha kwa mkataba wa muda unaorudiwa pale mtu fulani anapokumbuka kuurudia. Mimi na wenzangu wa aina yangu, ambao ndio tunaofanya sehemu kubwa ya hizi rivyu, tunatakiwa tufanye nini?

## Hela inavyotembea

Tuangalie kwa karibu kidogo, maana watu wengi wanaongea juu juu tu.

Mwandishi anakaa mwaka mzima na makala, analipwa na chuo au halipwi na mtu. Anaituma. Mhariri anaisoma, mara nyingi kwa posho ndogo au bila chochote. Inakuja kwangu na kwa mwenzangu mmoja, tunaisoma wikiendi, tunaandika kurasa mbili tatu za maoni, hatulipwi. Mwandishi anarekebisha. Inapita. Kampuni inaipanga vizuri, inaipa namba yake ya kudumu, inaiweka kwenye tovuti, halafu inaviuzia vyuo vilevile ambavyo vilimlipa mwandishi.

Na hawauzi jarida moja moja kama gazeti. Wanauza kifurushi, mamia ya majarida kwa bei moja, na maktaba haiwezi kuchomoa moja ikaacha mengine. Ndiyo maana bodi nzima ikiondoka kesho, bei ya kifurushi haishuki hata senti. Hili nilichelewa kulielewa na liliniharibia siku, kwa sababu nilikuwa nimejenga picha kichwani kwamba kuondoka ni kumnyima mtu hela. Kwa muda mfupi humnyimi kitu.

Kwa msomaji asiye na chuo mambo ni mabaya zaidi. Anafungua makala, anaona muhtasari, chini yake kitufe cha kuikodi kwa saa 48. Kukodi hoja! Kama inachukua siku tatu kuielewa, shauri yako, lipa tena.

Sasa kuna huu mfumo mwingine ambao ulikuja kama mkombozi, mwandishi au chuo chake analipia ili makala isomwe bure na kila mtu. Kwenye sayansi ya ubongo, wahariri wa NeuroImage walijiuzulu mwaka 2023 wakilalamikia ada iliyokuwa imefika dola 3,450 kwa makala moja. Ukishaweka bei kwa kila makala inayotoka, umeshampa mwenye jarida sababu ya kutaka nyingi zitoke. Na majarida ya juu kwenye falsafa yanaheshimika kwa kukataa, mengi yanakataa zaidi ya makala 9 kati ya kila 10, kwa hiyo hapo mhariri na mwenye mali lazima wagombane tu, hata wote wawili wakiwa watu wema.

## Nikaenda kuwauliza wenyewe

Kuna usiku nilishindwa kulala nikaanza kupekua matoleo ya zamani ya PPA. Nilikuwa na wazo la kijinga kidogo, kwamba jarida ambalo limetufundisha nusu ya tunachofundisha linaweza likanijibu na hili.

Lilianza 1971, enzi za vita vya Vietnam, mhariri Marshall Cohen akisaidiwa na Thomas Nagel na Thomas Scanlon. Toleo la kwanza kabisa lina ile makala ya Judith Jarvis Thomson kuhusu utoaji mimba, yenye yule mpiga fidla. Unaamka asubuhi umeunganishwa mgongo kwa mgongo na mwanamuziki maarufu mgonjwa, figo zako zinamsafishia damu, ukijichomoa anakufa, na ni miezi tisa tu. Thomson anasema haki yake ya kuishi haimpi haki ya kuutumia mwili wako. Ukikubali kubaki ni wema wako, hakuna anayekudai.

Nilipofika hapo nikajisemea, haya, jibu hili hapa. Figo ni zangu, wikiendi ni yangu, kampuni hainidai.

Lakini ukiendelea kusoma, Thomson haishii hapo. Anakiri kwamba kama mtu anahitaji msaada wako kwa saa moja tu na haikugharimu kitu, kumnyima ni ukatili hata kama hana haki nayo. Anatofautisha Msamaria Mwema na Msamaria mwenye ustaarabu wa kawaida tu, yule wa kiwango cha chini ambacho kila mtu anapaswa kukifikia. Na aliyelala mgongoni kwangu si kampuni. Ni mwandishi wa ile makala ya ahadi za marehemu, ambaye pengine ni mtu kama mimi, anahesabu miezi, kila mtu akikataa kurivyu faili lake linakaa tu.

Kampuni haihisi kitu nikikataa. Yeye anahisi.

Toleo la tatu, 1972, Peter Singer na yule mtoto anayezama kwenye bwawa: ukipita pale na kumwokoa hakukugharimu kitu kikubwa, huna budi kumwokoa. Aliandika watu wakiwa wanakufa kwa njaa na ukimbizi Bengali ya Mashariki, ambako leo ni Bangladesh, na kwake kuandika rivyu kungekuwa jambo dogo sana, najua. Ila kuna kipande kimoja ambacho tunakiruka haraka darasani: anasema kuwepo kwa watu wengine wamesimama pembeni ya bwawa hakupunguzi wajibu wako hata kidogo. Hicho kipande kinanikata pande zote mbili. Siwezi kumwambia mwandishi kwamba warivyu wengine wapo. Na siwezi pia kujiambia kwamba mfumo huu unaendeshwa na wengine, mimi ni tone tu.

Hapo kwenye tone ndipo niliponasa.

## Tone

Mwanafalsafa Derek Parfit, kwenye kitabu chake Reasons and Persons cha 1984, ana mfano wa watesaji elfu moja na watu elfu moja wanaoteswa. Kila mtesaji anabonyeza kitufe kinachowaongezea wote maumivu kidogo sana, kidogo kiasi kwamba hakuna anayeteswa anayeweza kuhisi tofauti. Mwisho wa siku watu elfu wako kwenye mateso makali na kila mtesaji anaweza kusema kwa ukweli kabisa kwamba yeye hajamuumiza mtu. Parfit anasema wote wamekosa. Usiulize tu kitendo chako peke yake kimefanya nini, uliza na ninyi kwa pamoja mmefanya nini.

Sisemi kampuni za uchapishaji ni watesaji, tusivuke mipaka. Kuna watu wazuri mle wanaohariri nakala vizuri kuliko ninavyoandika. Ila muundo wa hoja unakaa palepale: rivyu yangu moja haiongezi hata senti inayoonekana kwenye faida ya mtu, na rivyu zetu zote kwa pamoja ndizo zinazolipatia lile jina thamani yake. Zikikosekana hizo, jina ni tupu.

Nikampigia aliyekuwa msimamizi wangu wa tasnifu, maana nilishaona nazunguka.

"Shikamoo Prof."

"Marahaba. Naona bado hujalala, umeanza kunitafuta saa hizi."

Nikamweleza yote, mpiga fidla, bwawa, vitufe. Akanisikiliza vizuri, halafu akacheka kidogo.

"Mwanangu, kususia ni kwa watu wenye ajira ya kudumu. Wale waliojiuzulu nawaheshimu, lakini Jumatatu walirudi ofisini kwao. Wewe ukianza kukataa rivyu, wahariri watakusahau jina, basi. Hakuna atakayejua kama uligoma."

Nikamuuliza, sasa na yeye mwenye ajira ya kudumu anafanyaje?

Kimya.

"Narivyu," akasema. "Kwa sababu wanafunzi wangu nao wanatuma makala."

Sikuwa na la kumjibu na wala simlaumu, ndilo jibu la kweli kuliko yote niliyosikia kwenye hii ishu.

## Tunachofundisha na tunachofanya

Pembeni kidogo. Mwanafalsafa Eric Schwitzgebel amekaa miaka akipima kama wanafalsafa wa maadili wana mwenendo mzuri kuliko maprofesa wengine. Jibu fupi ni hapana. Mwaka 2009 alitoa utafiti kuhusu vitabu vilivyopotea maktaba, akakuta kwamba vitabu vya maadili vya siku hizi, vile visivyojulikana sana ambavyo wanaoviazima hasa ni maprofesa na wanafunzi wa juu wa falsafa, vilikuwa na uwezekano wa takriban asilimia 50 zaidi wa kupotea kuliko vitabu vingine vya falsafa vya aina hiyo. Vitabu vya maadili! Kila nikiukumbuka huo utafiti nacheka, halafu naangalia rafu yangu.

Kwa hiyo wanafalsafa wa maadili wanapofanya kitu kwa pamoja, kinachowagharimu, bila mtu kuwalazimisha, inabidi mtu asimame aangalie. Hata kama gharama kwao ni ndogo kuliko ingekuwa kwangu. Wameacha jina la miaka zaidi ya 50, ambalo ukilitaja kwenye usaili wa kazi kila mtu mezani anainua kichwa.

Na hapa ndipo kitu kiligeuka kwangu. Nilikuwa nafikiria kukataa rivyu na kujiuzulu kwa bodi kama kitu kimoja chenye saizi mbili, kidogo na kikubwa. Si kweli. Wale waliondoka pamoja na walikuwa na mahali pa kwenda. Mwandishi aliyekuwa anataka kuchapisha kwao alijua aelekee wapi, warivyu wao waliwafuata, kazi ikaendelea na jina lingine mlangoni. Kwenye isimu walishatangulia, wahariri wa jarida la Lingua walipoachana na kampuni ya Elsevier mwaka 2015 wakaanzisha jarida la Glossa, na jamii ikahama nao.

Mimi nikikataa kimyakimya saa tano usiku sipeleki mtu popote. Namwacha tu mtu mmoja kwenye foleni.

## Mbona linanipendeza?

Ilibidi nijichunguze hapo, kwa sababu hitimisho hilo ni rahisi mno kwangu. Linaniruhusu kuendelea kama kawaida, kubaki na jina zuri kwa wahariri, na kulala vizuri juu yake. Hoja inayomalizikia pale ulipokuwa umekaa tangu mwanzo inabidi uikague mara mbili.

Mwanafalsafa wa siasa Michael Walzer aliandika kwenye hilohilo PPA, 1973, kuhusu mikono michafu, kwamba mwanasiasa anaweza kufanya jambo ambalo kwa jumla ndilo sahihi na bado akawa amekosa, akabaki na hatia kweli, na mwanasiasa mwema utamjua kwa kuwa hiyo hatia anaihisi wala haifukuzi kwa maelezo. Kwangu mimi hilo ndilo lililokaa vizuri kuliko mengine yote. Kurivyu makala ya yule mtu ni sawa. Kinachotokana na kurivyu kwetu sote si sawa. Vyote viwili vinabaki, na sioni kwa nini kimoja kiwe na kazi ya kukifuta kingine.

Nilibonyeza kukubali. Nikaandika maoni marefu kuliko kawaida, ile sentensi inayovuja nikaionyesha na jinsi naona inaweza kuzibwa, na kwenye kile kisanduku cha maoni ya siri kwa mhariri nikauliza kwa adabu kama bodi yao imewahi kukaa chini kuzungumza nani ana haki ya jina la jarida siku wakitofautiana na kampuni. Sijajibiwa. Nadhani ni swali ambalo mhariri mmoja mmoja hawezi kulijibu kwa imeili, na pengine ndiyo shida yenyewe.

## Wanaoshika mlango

Kuna watu ambao katika mabishano yote haya sikuwasikia wakitajwa ipasavyo, nao ni kamati za ajira.

Jina la jarida lina nguvu kwa sababu mtu anayesoma maombi 200 ya kazi hana muda wa kusoma makala 200. Anaangalia CV, anaona majina, anapanga mafungu. Kampuni inachouza hasa, kuliko karatasi na tovuti, ni huo ufupisho wa kazi kwa kamati iliyochoka. Na kampuni haikuutengeneza. Waliutengeneza kina Cohen na Nagel na Scanlon na watu waliokuja baada yao, kwa kukataa makala moja baada ya nyingine miaka nenda rudi, na hakuna aliyewahi kuandika popote kwamba watu hao wakiondoka imani inaondoka nao. Kisheria jina ni mali, linabaki kwa mwenye hati.

Kwa hiyo kamati inayoendelea kuhesabu jina la zamani kana kwamba wahariri wako palepale inafanya kazi ya kampuni bila kulipwa, kama mimi tu, tofauti ni kwamba wao wana uwezo wa kubadilisha kitu kwa mkutano mmoja. Waandike kwenye tangazo lao la kazi kwamba Free & Equal na Political Philosophy vitapimwa kwa uzito uleule wa majarida ambayo watu wake waliyaacha. Mstari mmoja tu. Haumgharimu mtu ajira, haumwachi mwandishi kwenye foleni, na kijana asiye na kazi hatabebeshwa ushujaa ambao maprofesa wake hawakuubeba.

Kuna pingamizi na nalichukulia kwa uzito: jarida jipya halijathibitisha chochote, na kulipatia heshima ya bure ni kulirithisha jina kwa mlango wa nyuma. Ni kweli kwa kiasi. Ila wanaokataa makala leo ni walewale waliokuwa wanakataa juzi, na kama kamati inataka uthibitisho, makala ziko wazi, hazina kitufe cha saa 48, wazisome.

Hofu yangu kubwa iko kwingine. OLH inaendeshwa kwa michango ya maktaba, na maktaba hizohizo bado zinalipia vile vifurushi, na bajeti zinazidi kubanwa. Ikifika mahali mkuu wa maktaba anatakiwa kukata kitu, kifurushi kina mkataba na mwanasheria, mchango kwa OLH ni hiari. Unajua kitakachokatwa. Kama idara za falsafa haziendi kumwambia mkuu wa maktaba wao kwamba huo mchango ndio wa mwisho kuguswa, basi hata kujiuzulu kwa bodi kumi hakutatosha.

Makala yangu inayofuata naituma Free & Equal. Uwezekano mkubwa itakataliwa, maana hawajalegeza kitu. Ikikataliwa nitajaribu Journal of Ethics and Social Philosophy, ambayo nayo ni wazi kwa wote, halafu nitatafuta nyingine ya aina hiyo. Orodha ya majarida huru kwenye fani yetu ni fupi na mkataba wangu una tarehe. Nikifika mwisho wa orodha kabla ya mwisho wa mkataba, nitafungua tovuti ya moja ya zile kampuni kubwa na kutuma kama kila mtu, na anayetaka kunisema kwa hilo aniseme huku akiwa ameshaandika ule mstari kwenye tangazo la idara yake.